Redio za Valvu na Adabu ya Kufufua Sauti

Wahenga wametuachia methali mbili zinazovutana: ya kale ni dhahabu, na kipya kinyemi ingawa kidonda. Mwenye kufufua kitu cha kale hukaa baina ya methali hizo, na kazi yake hupimwa kwa jinsi anavyozipatanisha. Makala haya yanaitazama kazi moja ya namna hiyo, nayo ni ufufuaji wa redio za valvu, zile wayalesi nzito zilizokuwa zikiwaka ndani kama kaa la moto kabla transista haijazitoa katika sebule na mabaraza. Nia yangu ni kuihakiki kazi hiyo kama tunavyohakiki tungo, kwa kuuliza ni ipi iliyo njema na ipi iliyo mbovu, na kwa vigezo gani. Mpenzi wa ushairi asidhani kwamba amepotezwa njia. Maswali yanayomkabili fundi mbele ya redio ya mwaka 1950 ni ndugu wa maswali yanayomkabili mhariri mbele ya hati ya utenzi, na katika mambo kadhaa, kama nitakavyojaribu kuonyesha, fundi ametutangulia kwa adabu.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Valvu ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa, na ndani yake mna uzi unaopashwa moto kwa umeme. Moto huo hutoa elektroni, nazo hulikimbilia bamba lenye chaji chanya. Mwingereza John Ambrose Fleming aliitengeneza valvu ya namna hii mwaka 1904. Miaka miwili baadaye Mmarekani Lee de Forest alitia waya wa tatu baina ya uzi na bamba, uitwao gridi, nao ukawa kama mlango: badiliko dogo la umeme kwenye gridi huleta badiliko kubwa la mkondo kwenye bamba. Hapo ndipo mnong'ono ulipopata uwezo wa kuwa sauti. Mwaka 1918 Edwin Armstrong akabuni mfumo uliokuja kufuatwa na redio nyingi. Wimbi la stesheni yoyote iliyochaguliwa hugeuzwa kwanza kuwa wimbi la kipimo kimoja kisichobadilika. Wimbi hilo hukuzwa. Sauti hutenganishwa na wimbi lililoibeba. Kisha sauti yenyewe hukuzwa hadi iweze kutikisa spika. Redio ya kawaida ya mezani ilikuwa na valvu tano, nne kwa kazi hizo na ya tano kwa kuugeuza umeme wa ukutani uwe wa mkondo mnyoofu, wenye volti 200 na zaidi. Tuyakumbuke mapito haya, maana tutayarudia.

Chombo hiki si kigeni katika bara letu. Mwaka 1949 kampuni ya Ever Ready, kwa juhudi za Harry Franklin, afisa wa habari wa serikali kule Lusaka, ilitoa redio ya betri yenye valvu nne kwa ajili ya wasikilizaji Waafrika wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Umbo lake lilikuwa la sufuria ya alumini iliyopakwa rangi ya buluu, na bei yake ilikuwa pauni 5. Peter Fraenkel, aliyefanya kazi katika stesheni ya huko, alikiita kitabu chake cha mwaka 1959 *Wayaleshi*, neno ambalo mtu wa pwani hahitaji kutafsiriwa. Hapa kwetu Sauti ya Unguja ilianza mwaka 1951. Cairo ikaanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, na BBC mwaka 1957. Masikio ya mwanzo yaliyoyapokea matangazo hayo yalikuwa ya valvu, kwa kuwa redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani ilitoka Marekani mwishoni mwa mwaka 1954, na ilichukua muda kuwafikia watu wengi.

Siti binti Saad alifariki mwaka 1950. Kwa hiyo aliyemsikia kupitia Sauti ya Unguja alisikia santuri: sauti ya marehemu iliyopita katika sindano, waya, anga na valvu ndipo ikamfikia barazani. Redio, tangu hapo, ni chombo cha kuwasikiliza wasiokuwapo. Anayeifufua hafufui sanduku tu. Anaitengeneza njia ambayo sauti za watu fulani zilipita kuwafikia watu fulani, na hilo ndilo linaloifanya kazi yake istahili uhakiki.

Sasa tuutazame ubovu wenyewe. Mtu asiyezoea hudhani kwamba redio ya valvu ikinyamaza, valvu ndiyo iliyokufa, kwa sababu ndiyo inayoonekana na ndiyo inayong'aa. Aghalabu sivyo. Valvu nyingi huishi kuliko vitu vinavyozizunguka. Kinachokufa kwanza ni kapasita za karatasi na nta, ambazo kazi yake ni kupitisha sauti na kuuzuia umeme mnyoofu. Karatasi hunywa unyevu, na katika hewa ya visiwani yenye chumvi hunywa haraka zaidi, hata ikaanza kuvujisha umeme iliopaswa kuuzuia. Miongoni mwa kapasita hizo iko moja ambayo mafundi wote huiogopa. Ni ile inayounganisha bamba la valvu ya kwanza ya sauti na gridi ya valvu ya mwisho, iendeshayo spika. Ikivuja, gridi ile hupata chaji chanya isiyostahili. Valvu ya mwisho hupitisha mkondo kupita kiasi, huchemka, na huweza kuiunguza transfoma ya spika ambayo kuipata tena ni taabu. Redio huendelea kuimba huku inajiua. Dawa yake huanza kwa kipimo chepesi: weka mita kwenye gridi hiyo, na ikionyesha volti chanya, zima upesi.

Kapasita kubwa za kusafisha umeme nazo hukauka kwa uzee, na redio hutoa mvumo mzito usiokoma nyuma ya kila neno. Rezista za kaboni hupanda thamani kidogo kidogo bila kuonyesha dalili kwa macho. Mpira wa waya hugeuka unga. Mende na nondo hutoboa karatasi ya spika. Katika redio kadhaa za Marekani za miaka ya 1950, fedha iliyopakwa juu ya maika ndani ya transfoma ndogo za kukuza wimbi hutambaa pole pole kutoka upande mmoja hadi wa pili, na matokeo yake ni ngurumo na mipasuko mithili ya radi. Msikilizaji huilaumu anga kwa dhoruba inayotoka ndani ya sanduku lake mwenyewe.

Mbele ya ubovu wa namna hii, fundi mwema ana taratibu zake. Hachomeki redio iliyolala miaka thelathini moja kwa moja ukutani. Huiunganisha kwanza kupitia balbu ya uzi: balbu ikiwaka kwa ukali, kuna mahali umeme unapita ovyo, ikififia na kutulia, pana matumaini. Huchunguza pia kama redio ni ya aina isiyo na transfoma ya umeme, maana katika redio hizo chesisi yenyewe huweza kuwa na umeme wa ukutani, na mkono usio na habari ukaponzwa na bati tupu. Kisha huutafuta ubovu kwa kurudi kinyumenyume. Huanza kwenye spika, ambako sauti inaishia. Akiisha kujua kwamba hapo pazima, hurudi kwenye valvu ya mwisho, halafu iliyotangulia, na kila hatua huingiza sauti ndogo ya majaribio na kusikiliza kama inapita. Pale inapokatika ndipo penye ugonjwa. Hivyo husafiri kutoka kinachosikika kuelekea kilikotoka, wala hagusi kitu kabla hajajua kwa nini anakigusa.

Nathubutu kusema kwamba hii ndiyo njia ya uhakiki tunayoihitaji mbele ya tungo zetu za kale. Chukua mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa. Msomaji wa leo anayefungua diwani iliyohaririwa na William Hichens na kutolewa mwaka 1940 huweza kudhani kwamba yuko mbele ya mshairi uso kwa uso. Kwa kweli sauti ile imepita mapito yake: vinywa na kumbukumbu za watu wa Mvita, msaada wa Mwalimu Sikujua, daftari za W. E. Taylor mwishoni mwa karne ya 19, kisha kalamu ya Hichens. Kila pito limekuza kitu na huenda limechuja kitu. Neno likitukwaza, hatuna haki ya kusema mara moja kwamba mshairi alikosea, wala kwamba mhariri alikosea. Wajibu wetu ni kurudi nyuma pito kwa pito, kama fundi, mpaka tujue sauti ilikatikia wapi. Nyingi ya hati za watu hao zimehifadhiwa London katika maktaba ya SOAS, kwa hiyo safari hiyo ya kurudi nyuma inawezekana kwa mwenye kuitaka.

Ugumu wenyewe uko hata katika herufi. Katika hati ya Kiarabu iliyotumiwa na waandishi wetu, kabla ya alama za ziada kubuniwa, *be* moja ilisimama badala ya *b*, *p* na *mb*, na dhumma moja ilibeba *u* na *o*. Neno lililoandikwa kwa *be*, dhumma, *re* na fataha huweza kusomwa *bora*, *pora* au *pura*. Anayelichapa kwa herufi za Kirumi hana budi kuchagua, na kuchagua ni kutengeneza. Hakuna lawama katika hilo. Lawama huja pale uchaguzi unapofichwa, msomaji akaamini kwamba hakukuwa na njia panda.

Turudi katika karakana. Wafufuaji wa redio wamegawanyika, na mgawanyiko wao unatuhusu. Wako wanaoitoa redio matumbo yote, wakabakisha sanduku la mbao na kioo chake, ndani wakatia kifaa cha Bluetooth na taa ndogo za kuiga mwanga wa valvu. Sanduku hupendeza, na nyimbo za simu hupigwa ndani yake. Hao wametupa jongoo na mti wake. Mwenye duka ana haki ya kuuza pambo, lakini asiliite redio iliyofufuliwa, kwa sababu kilichofufuliwa hapo ni ngozi tu. Katika ushairi tunao wenzao: wale wanaochukua beti za kale, wakabakisha jina la mtunzi na umbo la tarbia, huku maneno yote magumu yakiwa yamebadilishwa yawe laini kwa msomaji wa leo.

Upande wa pili wako watakasaji, wanaoshikilia kwamba kila kipande cha asili kibaki mahali pake. Nia yao ni njema, na kipya chao si kinyemi. Lakini kapasita ya karatasi inayovuja si amana tena. Ni kidonda, na kuiacha ndani ya redio inayowashwa ni kuihatarisha transfoma ya asili kwa ajili ya bomba la nta. Uasilia wa kitu unaosababisha kifo cha vitu vingine vya asili haujitetei. Ikiwa redio haitawashwa kamwe, basi na iachwe kama ilivyo, iwe hati ya makumbusho. Ikiwa itaimba, kilichooza sharti kitoke.

Baina ya makundi haya mawili wako wanaobadilisha yale tu yaliyokufa au ambayo kwa maumbile yake lazima yafe, na hapa ndipo penye mjadala mtamu. Baadhi yao huifungua kapasita ya zamani kwa joto, huchomoa karatasi iliyooza, hutia ndani yake kapasita mpya iliyo ndogo, kisha huziba ncha kwa nta. Ukiigeuza chesisi huoni ila vitu vya miaka ya 1940. Wengine hulehemu kapasita mpya zenye rangi kali za plastiki, zikaonekana waziwazi. Wapo pia wanaoliacha kopo la zamani la kapasita likisimama juu ya chesisi bila kazi, huku jipya likifanya kazi chini yake. Ni ipi adabu iliyo bora? Anayeficha husema kwamba anaulinda uso wa kazi ya waliotangulia. Anayeonyesha husema kwamba hataki kumdanganya atakayekuja. Hukumu yangu ni kwamba kuficha kunaruhusiwa kwa sharti moja: pawe na karatasi ndani ya sanduku inayosema kipi kimebadilishwa, lini, na thamani yake. Bila karatasi hiyo, ufundi ule mzuri wa nta unakuwa kughushi. Pamoja nayo, unakuwa sawa na mhariri aliyesahihisha neno ndani ya ubeti na kuweka umbo la hatini chini ya ukurasa. Mafundi wengi huandika karatasi hiyo. Ni wahariri wangapi wa diwani zetu wanaoweza kusema hivyo?

Iko hatari nyingine ambayo kila mwalimu wa kazi hii huwaonya wanafunzi wake. Juu ya transfoma ndogo za kukuza wimbi mna skrubu za kulinganisha. Mgeni akiona redio inasikika kwa unyonge, huchukua bisibisi na kuzizungusha akidhani zimelegea. Skrubu hizo mara chache huhama zenyewe. Zilipangwa kiwandani kwa vyombo, na akiisha kuzivuruga, ubovu mdogo uliokuwa mahali pengine umekuwa ubovu wa redio nzima. Katika ushairi skrubu hizo ni lahaja. Mhariri mwenye haraka hukuta *nti* akaandika *nchi*, hukuta *mato* akaandika *macho*, akidhani anasanifisha tahajia. Kumbe katika ubeti ule *nti* ilikuwa imefungwa na *mti* kwa kina cha *-ti*, na *mato* na *mito* kwa kina cha *-to*. Kina kimekatika, na msomaji wa leo anamwona mtunzi wa Mvita kuwa hakujua vina. Shairi lilikuwa zima. Mkono wa msahihishaji ndio ulioliumiza.

Vilevile liko suala la kipimo, na hapa lugha yetu ina bahati, maana neno mizani latutumikia dukani na katika ubeti. Karatasi za mafundi za zamani huorodhesha volti zinazotarajiwa katika kila mguu wa valvu. Mwenye mita ya kisasa hupima akakuta volti nyingi kuliko zilizoandikwa, akadhani redio ina kasoro. Kasoro haipo. Mita za zama zile zilikuwa na ukinzani mdogo, zikinyonya sehemu ya umeme zilioupima, na mwandishi wa karatasi aliandika alichokiona kwa mita yake. Ili kuielewa namba sharti ujue ilipimwa kwa chombo gani. Mhakiki anayezihesabu mizani za utenzi wa zamani kwa matamshi ya Kiswahili sanifu, kisha akatangaza kwamba mshororo umepungua, anafanya kosa hilohilo. Namba yake ni sahihi, na hukumu yake ni batili.

Haifai, hata hivyo, kuisifu kazi hii kupita mipaka yake. Wapenzi wa redio za valvu hupenda kusema kwamba sauti yake ina joto ambalo vyombo vya leo havina, nao huliweka joto hilo ndani ya valvu kama siri. Tukisikiliza kwa makini, sehemu kubwa ya joto hilo hutokana na mambo ya kawaida: matangazo ya masafa ya kati na mafupi hayabebi sauti nyembamba za juu, spika ni moja, na sanduku la mbao huitikia sauti nzito. Utamu wake ni utamu wa mpaka, kama wa mshororo wa mizani nane, ambao nguvu yake yatokana na kile usichoruhusu kupita. Kulijua hilo hakupunguzi mapenzi, huyapa msingi.

Na yako mambo yasiyofufuliwa. Redio nyingi za fahari zilikuwa na jicho la kijani, valvu ndogo ambayo mwanga wake ulifumba kadiri stesheni ilivyoingia sawasawa. Unga unaong'aa ndani yake huchakaa kwa kutazamwa, na hakuna fundi awezaye kuurudisha. Jicho hilo hubadilishwa na lingine lililohifadhiwa bila kutumika, na akiba hiyo inapungua. Zito zaidi ni kioo chenye majina ya stesheni. Redio za Ulaya ziliandikwa Hilversum, Luxembourg, Beromünster. Beromünster ilinyamaza katika masafa ya kati mwishoni mwa mwaka 2008, Hilversum mwaka 2015, na Luxembourg katika masafa marefu mwanzoni mwa mwaka 2023. Fundi huweza kuufikisha mshale mahali hasa palipoandikwa jina, valvu zote zikiwa nzima, na asisikie ila uvumi wa anga. Hapo redio imepona, na ulimwengu wake haupo.

Je, kazi hiyo basi ni bure? Sioni hivyo. Masafa mafupi bado yana wasemaji, na hata pasipokuwa na msemaji, chombo kilicho tayari kupokea si sawa na sanduku tupu. Kiko kama hati iliyosomwa vizuri ya utenzi ambao hadhira yake ya kwanza imekwisha: hatuwezi kuwarudisha waliousikiliza barazani, lakini twaweza kuhakikisha kwamba atakayeusikiliza kesho anasikia ulichosema, na anajua mikono gani iliugusa njiani.

Kwa hiyo naona mfufuaji wa redio na mhariri wa diwani wanastahili kuulizwa maswali manne yaleyale. Umebadilisha nini? Ulijuaje kwamba kimekufa? Umeandika wapi? Na aliye na maarifa kukuzidi anaweza kurudi nyuma ya mkono wako akakuta kilichokuwapo? Anayeyajibu yote manne amefanya kazi njema, hata kama mbao za redio yake zina mikwaruzo na ukurasa wa diwani yake umejaa tanbihi. Asiyeyajibu ametuuzia mng'aro. Hapa visiwani redio za valvu zilizosalia ni chache, na hati zilizomo ndani ya makasha ya watu hakuna ajuaye idadi yake. Zote zinaliwa na chumvi ileile na wadudu walewale. Atakayetangulia kuzifungua, awe na bisibisi au kalamu, na aanze kwa kusikiliza.